Nilihama meza ya mlangoni ili wenzangu ofisini wafanye kazi

Wakuu, heshima kwenu popote mnaposomea hapa. Nitakayosimulia yamenipata mwenyewe hapa Doha. Majina nimebadilisha, mengine ni kama yalivyokuwa.

Nina miaka arobaini na tisa, mtu wa Tanga. Shule niliishia kidato cha nne. Kompyuta, Kiingereza cha barua na Kiarabu cha kazini nimejifunza mwenyewe, kwa daftari na subira. Nipo kwenye ofisi ya usimamizi wa jengo moja refu kule West Bay.

Kazi yetu haina siri. Mpangaji akiharibikiwa na AC au lifti ikigoma, kampuni ya nje inaleta mafundi. Fundi haingii bila kibali. Kibali kinataka nakala za vitambulisho, bima ya kampuni na maelezo ya kazi, na lazima kiwafikie walinzi wa geti la mizigo kabla ya saa saba mchana, siku moja kabla ya kazi. Kikichelewa, mafundi wanarudishwa na mpangaji anampigia meneja.

Tupo watatu. Mimi, Otieno wa Kisumu, na Salum wa Pemba.

Otieno alikuwa na meza ya dirishani, bahari yote mbele yake. Ukimpa kibali alikuwa anasema, "Mzee, hii mambo ni wewe unaielewa. Mimi nikiguza nitaharibu tu."

Salum yeye ni mtu wa "natoka mara moja". Mara moja yake ni saa nzima. Anarudi na vikombe vitatu vya karak, ile chai ya maziwa na iliki ya huku. Ukimuuliza alikuwa wapi anashangaa. "Kaka, chai si nimekuletea? Wataka nini tena?"

Sasa umgombeze vipi mtu ambaye umeshika chai yake mkononi?

Basi vibali nikawa naandika mimi. Miaka minne. Nilinung'unika sana moyoni, nakiri.

Mwaka huu binti yangu Zaina akachumbiwa. Mimi ndiye walii wake. Ningeweza kumpa mdogo wangu uwakili akaozesha kwa niaba yangu, wengi wetu huku hufanya hivyo. Lakini nilikosa kuzaliwa kwake kwa sababu ya kazi za ugenini. Ndoa sikutaka kuikosa.

Nikaomba likizo. Meneja wetu ni Mjordani, mtu mwema. Akaiangalia ile fomu, akaniangalia na mimi.

"Abu Zaina, ukiondoka nani ataandika vibali?"

Nikamwambia tupo watatu. Akacheka. Akasema nimwonyeshe wiki moja tu ya kazi ya huku, Jumapili hadi Alhamisi, mimi sijagusa kibali na yeye hajapigiwa simu na mpangaji yeyote. Hapo atasaini. Vinginevyo, hapana.

Wakuu, siku hiyo ndiyo nilielewa. Nilidhani kwa kubeba kazi za wenzangu najijengea jina. Kumbe nilikuwa najifungia mlango.

Nikakaa na daftari nikajiuliza swali moja: kwa nini kila karatasi inanifikia mimi? Jibu halikuwa uvivu peke yake. Meza yangu ndiyo ilikuwa ya kwanza ukiingia. Msimamizi wa mafundi anafungua mlango, ananikuta, anaweka karatasi, anaondoka. Otieno hata kumwona hamwoni.

Nikamwambia Otieno tubadilishane meza.

"Mzee, unataka kuona bahari?"

"Nataka kupumzisha macho."

"Haya, kuja. Lakini hiyo kiti yako ni ngumu, usiniletee shida ya mgongo."

Nilimwachia ahame na kiti chake, nikampa na ukurasa mmoja nilioandika hatua zote kwa mpangilio. Wote wawili niliwaeleza ukweli kuhusu Zaina na sharti la meneja. Hilo nalo nilikuwa sijawahi kulifanya, kuwaambia kwamba nawahitaji. Salum akasema, "Kaka, ungesema zamani."

Jumapili na Jumatatu Otieno aliandika polepole, anauliza kila mstari. Mikono iliniwasha. Nilikuwa naikalia.

Jumanne ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Saa sita na nusu akaingia msimamizi wa kampuni ya lifti, amezoea kunikuta mlangoni. Akampita Otieno, akaja hadi dirishani na karatasi zake. Nikamwelekeza arudi kule. Otieno akazikagua, bima ilikuwa imeisha muda.

Hapo mimi ningefanyaje? Ningepiga simu kwao, ningesubiri, ningeandika barua pepe, ningechapisha. Otieno hakufanya hata moja. Alimvutia kiti.

"Kaa hapa boss. Piga simu ofisi yenu, watume bima mpya. Mimi siendi mahali, na wewe huendi mahali."

Bima ilifika baada ya dakika kumi. Nikagundua kwamba miaka yote ile nilikuwa nafanya hata kazi ya wateja.

Ilibaki karatasi ishuke getini. Saa saba kasoro dakika saba, lifti ya wafanyakazi imejaa. Salum akaichukua, akapiga simu moja, akatoka mbio kwenye ngazi. Mlinzi wa geti alikuwa amepanda kumpokea katikati ya njia, kibali kikawahi. Zile saa za chai, kumbe mwenzetu anajuana na kila mlinzi wa jengo.

Alhamisi jioni meneja alisaini.

Msidhani wamegeuka malaika. Salum bado anapotea, na maandishi yake mpaka leo yana makosa. Tumekubaliana yeye ashushe vibali vyote na azungukie ghorofa, makaratasi tumwachie Otieno.

Zaina nimemwozesha mwenyewe, kwa mkono wangu.

Siku ya nne ya likizo nikaona simu kimya kabisa. Sikuvumilia, nikapiga ofisini. Akapokea Otieno. Nikamuuliza vibali vya kesho vimeshuka?

"Mzee, uko leave. Wacha kusumbua watu wako kazini," akakata.

Nilichojifunza ni hiki: kabla hujamwita mwenzio mvivu, angalia kwanza kama umewahi kumwachia kazi imkwame mikononi. Mimi sikuwahi. Mwambie pia unachohitaji, usinung'unike peke yako.

Walio maofisini, nyumbani na ughaibuni, mna wenzenu wa aina hii? Mliwafanyaje? Na anayeona niliwaonea kwa kuhama meza aseme, nitajibu wote.