Pointi Moja ya Nyantende

Wakati wa vita niliamini kabisa kwamba nchi itakayopata pointi chache katika kuaminiana itakatwa vipande na kugawiwa majirani. Habari hiyo nilipewa na fundi cherehani wa mtaa wetu wa Nyalukemba, ambaye aliisikia redioni, ingawa redio yake haikuwa na betri tangu vita vianze. Mimi, mwenye diploma ya shule ya jioni, nilimwamini fundi.

Kwa hiyo nilipopata kazi ya kuzunguka na maswali ya utafiti, nilijiona nimebeba Kongo nzima mabegani. Tuliambiwa maswali hayohayo yanaulizwa katika nchi nyingi, ili kulinganisha watu wanathamini nini. Mtu anajibu kwa pointi, kuanzia moja hadi kumi. Mjini walinipa nane, tisa, nikawa narudi nyumbani nikiimba. Nchi inapona.

Kisha nikafika kijiji cha Nyantende, kwa maman mmoja mjane aliyekuwa akichambua maharage mlangoni. Nikamsomea: mtu unayekutana naye mara ya kwanza, unamwamini kiasi gani?

“Moja,” akasema.

“Maman, fikiri vizuri.”

“Nimefikiri. Mutu sijue wazazi wake, nitamuamini namna gani? Hata wewe. Viatu vyako viko safi sana.”

“Weka hata tano, maman. Nchi itakatwa.”

“Basi ikatwe. Miye siwezi kudanganya.”

Tulikuwa bado tunavutana, mara risasi zikalia upande wa barabara, nyingi kama mvua ya mawe juu ya mabati ya dunia nzima. Hakuniuliza kitu. Alinishika shati, akanivuta ndani, akafunga mlango.

Barabara haikupitika hadi kesho yake. Alinipikia bugali mkubwa kama kilima, pamoja na sombe, yale majani ya muhogo, naye akabaki kukwangua sufuria. Alinipa kitanda chake, akatandika mkeka wake karibu na mlango. Askari walipogonga jioni wakitaka kujua nani yumo, alijibu, “Mwana wangu. Anagonjwa.” Nikakohoa kikohozi cha kijiji kizima, mpaka wakaenda zao. Hadi leo sombe haishuki kooni mwangu kabla sijamshukuru.

Asubuhi nikajaribu tena. “Na sasa, maman?”

“Moja.”

“Lakini umenificha!”

“Kukuficha ni kitu ingine. Mugeni ni mugeni. Kukuamini, bado. Enda salama, mwana wangu, usipite barabara kubwa.”

Nilifika mjini nikampata mkubwa wetu wa kazi, papa mmoja mwalimu wa chuo kikuu. Nikamweleza yote, hadi kikohozi, kisha nikamwomba aniruhusu kuandika kumi. Mwanamke kama yule, nikasema, hawezi kuwa sababu ya nchi kukatwa.



“Papa,” mkubwa akaniambia na mimi, “hakuna nchi inayokatwa kwa sababu ya pointi. Tunauliza watu wanawaza nini, tunalinganisha, basi. Swali halikuuliza kama atakuficha. Amesema moja. Andika moja.”