Kiwanja Nilichokiita Kitupu

Kuna asubuhi moja ya Bwera, mwanangu, ambayo naikumbuka vizuri ingawa nimejitahidi kwa miaka mingi kuisahau. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu wa mtaa, nimevaa koti katika joto lile, nikiwaonyesha jengo la kadibodi. Digrii yangu ya usanifu majengo ilikuwa bado inanukia karatasi mpya, na nilikuwa nikitamka neno "mazingira" mara nyingi kuliko padri anavyotamka "amina".

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtaa ule uko kando ya barabara inayokwenda mpaka wa Kongo, na nyumba zake zimebanana kiasi kwamba ukipiga chafya chumbani kwako, jirani anakuombea afya kupitia ukutani. Katikati palikuwa na kiwanja kimoja tu kilichobaki wazi. Wafadhili walikubali kujenga hapo ukumbi wa maonyesho wa watu wote: mahali pa kuonyesha kahawa ya mlimani, vikapu, vitambaa, na ufundi wa watu wa pande zote mbili za mpaka. Walitaka jengo lisilokula umeme mwingi, litakalodumu bila kuharibu kitu. Kamati ya mtaa ikanipa mimi, kwa sababu nilikuwa mtoto wa hapa, na kwa sababu, nadhani, wenzangu wenye akili zaidi walikuwa wamebaki Kampala.

Nilikuwa nimekipima kiwanja kile mara mbili, zote siku za mvua. Sikuona mtu. Kwenye daftari langu nikaandika: "Kitupu. Hakitumiki." Kisha nikaenda kuchora. Nilichora ukuta mzima wa kioo upande wa mbele, paneli za jua juu ya paa, na bustani ya nyasi ambayo hakuna mtu angeruhusiwa kuikanyaga. Juu ya kadibodi nikabandika watu wadogo wa plastiki, weupe, niliowanunua Kampala kwa mapenzi makubwa.

Watu walipiga makofi. Hajji Sula, mwenye malori na mwenyekiti wa kamati, alitabasamu kama aliyekwisha kukata utepe. Ndipo akasogea mama mmoja mwenye rozari shingoni, akainama juu ya meza, akawatazama watu wangu wa plastiki kwa makini sana. Alikuwa Mama Kahindo, mzaliwa wa Butembo, aliyevuka mpaka na watoto wake wakati wa vita na kujianzishia upya biashara ya muhogo mkavu.

"Hawa batu beko banaenda wapi?" akauliza.

"Wanakuja kwenye maonyesho, mama."

"Mukono, bule. Ku kichwa, bule. Mutu gani wa Bwera anatembeya bila muzigo?"

Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, kwa adabu ya mtu msomi.

"Bon," akasema. "Na kosete yangu nitaanika wapi?" Kosete ndivyo watu wa kwao wanavyoita vipande vya muhogo vinavyokaushwa juani kabla ya kusagwa.

"Hapo patakuwa na bustani, mama."

"Ya mboga?"

"Ya nyasi. Ya kuangalia."

"Ya kuangalia." Akageukia wenzake. "Basi bibi zangu, watoto batakula kuangalia."

Watu wote walicheka mpaka koti langu likanibana. Na hapa, mwanangu, ningependa kukuficha nilichojibu, lakini nimeahidi kusema kweli. Nilisema, "Mama, maendeleo yanahitaji nafasi." Nilisema hivyo kwa mwanamke aliyekuwa na umri wa mama yangu, aliyekuwa amekwisha kufukuzwa mahali pake mara moja. Hakunikasirikia. Alinitazama kama mtu anavyotazama sufuria iliyosahauliwa motoni.

"Kesho jua itatoka," akasema. "Kuya asubuhi, saa mbili. Ile koti iache nyumbani."

Nilikwenda. Nilikwenda kwa sababu Hajji alinisukuma, si kwa sababu ya unyenyekevu. Nilipofika sikukitambua kiwanja. Ardhi yote ilikuwa imefunikwa na maturubai, na juu ya maturubai muhogo mweupe mpaka macho yaliuma. Kila turubai lilikuwa na mawe yake manne kwenye pembe. Kati yao palikuwa na vijia vya upana wa mguu mmoja, na hakuna aliyevikosea. Mama Kahindo alinifundisha mpangilio wake: nani anapata jua la asubuhi, nani la mchana, nani ana mgonjwa na kwa hiyo amepewa sehemu iliyo karibu na nyumba yake. Mahali pengine palirithiwa kutoka kwa mama mkwe. Kile nilichokiita kitupu kilikuwa na ramani kamili kuliko yangu, ila haikuandikwa popote.

Nilikaa nikigeuza vipande vya muhogo kwa mkono mpaka mchana. Harufu yake ni kali, kidogo ya uchachu. Ilibaki kwenye vidole vyangu siku tatu. Wanawake walinitania bila huruma. Mmoja aliniuliza kama chuoni wanafundisha pia kupumzika, maana jambo hilo nilikuwa nalifanya vizuri.

Kisha mlima ukafunikwa na mawingu. Unajua mvua ya kwetu inavyoshuka: unaiona ikija, na bado inakukuta. Mtu alipiga kelele, na wanawake wakatoka kila mlango. Nami nikakimbilia turubai la Mama Kahindo, mwalimu wangu, nikaanza kukunja kwa bidii zote.

"Wacha yangu!" Mama Kahindo akapaza sauti. "Ya Biira! Biira hayuko, alipeleka mutoto ku hospitali! Anza na ya Biira!"

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yao. Mvua ikija, unaokoa kwanza muhogo wa jirani asiyekuwepo, halafu wako. Hakuna aliyewahi kuniambia kwa sababu hakuna aliyefikiri inahitaji kuelezwa. Tukakunja la Biira, tukalibeba wawili, tukakimbia. Kukimbilia wapi, sasa? Palikuwa na upenu mmoja tu, wa duka la Hajji, mwembamba kama ubao wa kupigia pasi. Tulijibana pale na mabunda yetu, mgongo kwa mgongo, na maji yakitumiminikia magotini. Mama Kahindo alirudi peke yake kulichukua lake. Alichelewa. Nusu ya muhogo wake ulikuwa umelowa, na muhogo ukilowa wakati unakaribia kukauka huota ukungu; haufai tena kuliwa wala kuuzwa. Ile ilikuwa kazi yake ya wiki nzima.

Alikamua kona ya kitenge chake, akanitazama.

"Ile daftari yako iko wapi?" akauliza. "Andika sasa."

Sikuwa na daftari. Lakini niliandika kichwani, mwanangu. Chini ya upenu ule uliotosha watu wanne na uliokuwa umebeba ishirini, nilielewa kwamba mtaa ule haukuhitaji kioo. Ulihitaji paa kubwa, na ardhi mbele yake. Na nilijua vilevile kwamba kama ningejenga nilivyochora, Mama Kahindo angekosa pa kuanikia kabisa, na mimi ndiye ningekuwa nimemfukuza mara ya pili.

Tatizo lilikuwa Hajji. Wafadhili walikuwa wanakuja Ijumaa kuidhinisha mchoro. Nilimkuta gereji kwake, nimelowa, nikamwambia nataka kuanza upya.

"Injinia, wewe unacheza," akasema. "Mimi nimeshaambia watu tunapata kioo. Watu iko nangoja kioo!"

"Hajji, lori lako likisimama juani saa saba, madirisha yamefungwa, dereva wako anakaa ndani?"

"Akae ndani? Ataiva kama matoke!"

"Basi ule ukumbi wangu ni kabini hiyo hiyo, ila haina magurudumu ya kuikimbiza kivulini."

Alilitazama lori lake kama aliyeliona mara ya kwanza. "Na hao wageni wakikataa? Kazi unapoteza, na mimi naitwa muongo."

"Nitawaambia mimi mwenyewe, Hajji. Wakikataa, wanikatae mimi."

Akavuta pumzi ndefu. "Sawa. Lakini kioo moja utaweka. Ya mlango. Nisionekane muongo kabisa."

Nilichora usiku na mchana, na Ijumaa niliwapeleka wafadhili kiwanjani jua likiwa kali, maturubai yote yakiwa yametandazwa, kabla ya kufungua karatasi yoyote. Sikuongea sana, jambo lililowashangaza wote walionijua. Walikubali, baada ya maswali mengi na vikombe kadhaa vya chai.

Ukumbi ulisukumwa pembeni, upande wa mashariki, mwembamba kuliko nilivyoota. Kuta ni za matofali ya udongo yaliyoshindiliwa, udongo wenyewe ukitoka kwenye msingi wetu, na chini ni mawe ya mtoni. Paa limeinuliwa juu ya kuta ili joto litoke lenyewe, na linazidi kuta kwa hatua kadhaa kila upande, kiasi kwamba mvua ikija maturubai yote yanavutwa chini yake bila mtu kukimbia. Maji ya paa huingia kwenye matangi, na wanawake huyatumia kulowekea muhogo. Kiwanja tulikisawazisha tukakiwekea sakafu ngumu. Siku za maonyesho, sakafu ni ya wageni. Siku nyingine zote ni ya kosete.

Usidhani nilifanya kila kitu sawa. Nilisahau kwamba jengo la mashariki huzuia jua la asubuhi. Mahali pa Biira pakawa kivulini hadi karibu saa nne, na ilibidi wenzake wampangie upya. Mpaka leo akiniona sokoni huwaambia watu, "Jamani, mwizi wa jua langu amefika." Nami namnunulia soda, kwa sababu ni kweli.

Siku ya ufunguzi palikuwa na hotuba nyingi, na jua la saa nane lisilo na huruma. Hajji alisimama karibu na mlango wake wa kioo ili apigwe picha. Mimi nilizunguka nje nikitafuta mtu wa kunisifu. Nyuma ya ukumbi, barazani, nilimkuta Mama Kahindo ameketi chini, viatu amevua, mgongo ameuegemeza kwenye ukuta wangu wa udongo. Alikuwa amelala usingizi mzito, mdomo wazi, rozari ikipanda na kushuka kifuani. Niliugusa ukuta. Ulikuwa baridi. Nikaketi kando yake mpaka hotuba zikaisha, na sijawahi kupata sifa nyingine iliyonifaa kama ile.

Basi, mwanangu, wewe unayejifunza kujenga mijini ambako hakuna hata pa kuweka mguu, nisikilize. Ukipewa kiwanja, usikipime tu na kuondoka. Kiangalie siku ya jua na siku ya mvua, asubuhi na jioni, na uulize ni nani aliyepo hapo wakati wewe hupo. Usiamini watu wa plastiki. Chora watu na mizigo yao. Usilete joto kutoka nje kwa jina la uzuri wakati udongo unaosimama juu yake unaweza kukupa ubaridi bure. Ukikemewa na mtu asiye na shahada, vua koti uende naye. Na mahali pa jirani asiyekuwepo siku unayochora, paokoe kwanza, kabla ya pako.

Mungu akupe mkono mwepesi na masikio makubwa. Akupe waajiri wenye ubishi wa kutosha na wazee wasiokuogopa. Na akujalie kujenga kuta ambazo mtu aliyechoka ataziegemea na kusinzia, bila hata kuuliza ni nani aliyezichora.