Utaketi Kibarazani kwa Nani?

Wiki iliyopita, katika ofisi ya kata ya Kiranjeranje, ofisa wa wilaya alikuja kukusanya maoni: je, badala ya kila kata kuchagua diwani wake, wilaya nzima iwachague madiwani wote kwa pamoja? Diwani wa kata yetu alikaa nyuma.

"Faida yake, mama zangu, mtakuwa na madiwani wengi, si mmoja," alisema ofisa, akifungua vidole vyote kumi.

Bibi mmoja akainuka. "Mjukuu wangu, pampu yetu ya kisima imekufa tena tangu Jumatatu. Mwaka jana ilipokufa niliketi kibarazani kwa huyu diwani siku mbili. Mkewe akaniletea chai, nikaikataa. Siku ya tatu fundi akaja. Sasa hao wengi, niketi kwa nani?"

"Kwa yeyote, bibi. Wote ni wenu."

"Haya. Na wewe unakaa mtaa gani?"

Ofisa akakunja vidole, akasema hilo halimo kwenye fomu. Diwani alikwisha kutoka. Dirishani tukamsikia simuni: "Fundi, njoo leo. Leo hii! Bibi ameshaniangalia."

Nimesoma vitabu vinene juu ya uwakilishi. Hakuna kilichoniambia kwamba mwakilishi ni mtu ambaye nyumba yake inajulikana.