Aliyemwozesha Hasna

Mzee Luqman wa Ujiji alikuwa nahodha wa mtumbwi wa dagaa, na wavuvi waliifuata sauti yake gizani. Kisha kiharusi kikampinda mdomo. Akili ilibaki nzima, lakini ulimi ukawa mzito, na aliyemwelewa alikuwa binti yake Hasna peke yake.

Hasna alipoposwa, mzee alitaka kumwozesha kwa kinywa chake mwenyewe. Wakajizoeza wote wawili maneno ya kuozesha kila siku, binti akimsahihisha. Siku ya ndoa, bibi harusi akawa ndani na wanawake. Barazani hakukuwa na wa kumtafsiria.

Mzee alianza. Mashahidi wakatazamana.

“Shehe, hatujasikia kitu.”

Akarudia, jasho likimtoka.

“Kaka, pilau linapoa,” alisema mdogo wake Sefu, na watu wakacheka. “Nipe uwakala tu.”

Shehe alimweleza kwamba mashahidi lazima wasikie. Mzee akainamisha kichwa, na Sefu akaozesha kwa pumzi moja. Vigelegele vilipopigwa ndani, Mzee Luqman alikuwa bado anayasema yale maneno, taratibu, mpaka akayamaliza.

Hasna alihamia kijiji cha Kagunga na mumewe. Siku hizi mzee akitaka maji, huonyesha kwa kidole.