Kitako cha Gorogoro

Sokoni Mutuini maharagwe hayapimwi kwa mizani. Yanapimwa kwa gorogoro, kopo la bati lililowahi kuwa na mafuta ya kupikia, na anayesema gorogoro anamaanisha kilo mbili, hata kama kopo lenyewe halikubaliani naye. Gorogoro ya Ndunge ilikubaliana. Miaka kumi na miwili aliuza nafaka, na kitako cha kopo lake kilikuwa bapa kama siku lilipotoka dukani. Wenzake walikuwa wamegongesha makopo yao zamani, vitako vikaingia ndani, na kopo likajaa mapema. Ndunge hakuwasengenya. Aliwaombea kanisani, kwa majina na kwa sauti, jambo ambalo pengine ni baya zaidi.

Kisha bei zikapanda. Mwau, dalali aliyemletea magunia kutoka Loitokitok, alimweleza kwa simu kwamba kosa si lake, ni la mwenye lori. Mwenye lori alisema ni dizeli. Wakulima walisema ni mbolea, na waliouza mbolea walisema ni dola, na dola haina simu. Mvua nayo ilikuwa imechelewa wiki sita bila kumwarifu mtu. Kila mmoja alikuwa na wa kumnyooshea kidole, isipokuwa Ndunge, ambaye alitazamana na mteja uso kwa uso.

Aliandika aina ya maharagwe na bei ya gorogoro moja kwenye kipande cha katoni: nyayo, 320. Majirani zake waliandika 280. Watu wa Mutuini wanajua kusoma.

Hata Nasimiyu alimhama, mama aliyewapikia githeri ya mahindi na maharagwe wajenzi wa majumba ya Kitisuru na aliyekuwa akinunua kwake gorogoro nne kila Jumatatu. Alipita, akamsalimia kwa adabu zote, akaenda kununua kwa jirani. Ndunge alimfuata akamweleza habari ya vitako. Nasimiyu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu kwamba gorogoro ni gorogoro.

Wiki ya tatu Ndunge alifungua gunia akakuta fukusi. Mtaji wake wote ulikuwa katika magunia matatu aliyokuwa nayo, na fukusi hawangojei bei ishuke. Wangeyamaliza maharagwe, na kibanda kingefuata. Aliogopa hadi akashindwa kula, naye amezungukwa na chakula.

Basi alilifunga kopo ndani ya leso, kama anayepeleka mtoto mgonjwa zahanati, akaenda kwa Mungai, fundi wa mabati karibu na steji ya bodaboda. Mungai alilipindua, akapitisha kidole kwenye kitako, akalistaajabia kidogo.

"Hii ni ya kununua ama ni ya kuuza?" akauliza.

Ndunge hakuelewa. Mungai akamfafanulia bila haraka. Madalali wanaonunua shambani huleta kopo kitako kitolewe nje, lishibe zaidi. Wanaouza sokoni huleta kiingizwe ndani. Yeye hutoza bei moja, kwa sababu nyundo ni ileile. Ndunge alimkumbuka Mwau, na mambo mengi yakamwelea mara moja.

"Ni ya kuuza," akasema.

Ilikuwa kazi ya mapigo manne. Alipofika kibandani alijaribu kopo na kukuta limepunguka konzi mbili za maharagwe. Akafuta 320, akaandika 280. Kufikia Jumamosi gunia la kwanza lilikuwa limekwisha. Wateja walimshukuru kwa kuwahurumia wananchi. Jirani aliyekuwa akimnunia tangu mwaka juzi alimletea chai, tena ya maziwa.

Jumatatu Nasimiyu alitokea na mfuko wake. Alionekana amechoka. Aliketi juu ya debe bila kukaribishwa, kama mtu aliyerudi kwao.

"Mama Kasyoki, mimi nimerudi," akamwambia Ndunge. "Huko kwingine gorogoro nne watu wangu wanamaliza na bado wanauliza food iko wapi. Yako ilikuwa inatosha, ni vile tu sikuwa najua. Na saa hii mko bei moja. Nipimie nne."

Ndunge aliona aibu ikimpanda hadi masikioni. Angeweza kusema. Alilitazama gunia la pili, ambalo lilikuwa limeanza kutoa vumbi la fukusi, akapima nne. Kila alipomimina kopo aliongeza konzi moja juu, ile nyongeza ambayo kila mteja huitarajia lakini yeye hakuwahi kuitoa, kwa kuwa kopo lake halikuwa na deni na mtu.

Nasimiyu alizihesabu konzi zile nne na machozi yakamlengalenga machoni.

"Mungu akubariki," akasema. "Hapa Mutuini wewe ndiye mtu wa ukweli umebaki."

Konzi ya tano, ya kupunguza deni lililobaki, ilikuwa tayari mkononi mwa Ndunge. Aliufungua mkono taratibu ndani ya gunia, maharagwe yakaanguka, akasema, "Amina."