Mguu wa Swala

Utotoni, kilichonishtua kwanza kilikuwa mlio wa kisanduku cha mzungu: kach! Juma lililopita niliiona ukutani chuoni picha iliyopigwa kwa kisanduku hicho, ya swala mwenye pembe iliyovunjika. Niliusikia tena mlio ule akilini.

Siku ile, Baba alikuwa amefuata nyayo za swala huyo tangu Tinde, akipita vivulini, upepo ukimpiga usoni. Mimi nilimfuata nyuma, nikinusa majani makavu na ngozi ya podo lake la mishale. Mzungu hakutaka kivuli. Alitaka jua limmulike mnyama, awe karibu naye, tena mnyama amtazame. Akamzuia Baba asipige mshale mpaka kisanduku kilie. Kilipolia, swala alitoweka.

Niliamini yumo kisandukuni. Kwetu anayeonyesha nyayo hupewa mguu, basi nikanyoosha mikono.

"Tupe mguu wetu."

Mkalimani wake akacheka. "Baba Kabula, mwanao anataka kula picha!"

Baba hakucheka. "Mwambie bwana wako amemla peke yake. Wanangu watalala njaa."

Sasa najua kisandukuni hamkuwa na nyama. Hata hivyo, chini ya picha limeandikwa jina la mzungu tu. Kwa siku kadhaa nilijiuliza jinsi ya kulieleza dai letu kwa adabu. Hatimaye nilimpigia simu mtunza picha wa chuo, bila adabu.

"Andikeni jina la baba yangu, Masanja, aliyeonyesha nyayo," nilisema. "Huo ndio mguu wetu."