Watoto Wanaogeleanga Wapi?

Ipo siku moja ambayo haijanitoka, mwanangu, na kila nikiikumbuka mara moja lazima niikumbuke na ya pili, kwa sababu mimi ni mtu wa kuku, na mtu wa kuku hahesabu mara moja. Ilikuwa siku ya mkutano wa wazazi katika shule moja ya msingi kule upande wa Ekero. Wakati huo nilikuwa kijana mwenye mke mmoja, binti mmoja na maneno mengi. Nimeikumbuka juzi ulipofika hapa kwangu Shieywe kuniambia umechaguliwa kwenye kamati ya shule ya mtoto wako, na kwamba mna jambo la kuamua: shule ijenge bwawa lake la kuogelea au isijenge. Ulitaka nikujibu kwa neno moja. Neno moja sina. Nina ile siku. Ichukue, kisha jibu utalipima mwenyewe.

Kwanza ujue kazi yangu ilivyokuwa. Nilikuwa nikizunguka vijiji vya Matungu nikinunua kuku, nikawauza sokoni. Aliyenifunza ni mama yake baba, Kukhu Zubeda. Kwetu bibi tunamwita kukhu, na huyu wangu alikuwa kukhu wa soko zima. Kuku hufungwa miguu kwa kamba, wakalazwa chini kwa mafungu. Kukhu alinifundisha kuhesabu vichwa, halafu miguu. Alisema kichwa ni kitu cha kutembeatembea: umekihesabu hapa, kinachomoza pale, nawe unakihesabu tena kwa hasara yako. Lakini mguu uko kwenye kamba, hauna safari. Hesabu mbili zikikataa kupatana, usitoe mkono mfukoni. Na alikuwa na sheria nyingine ambayo mimi kijana sikuishika vizuri: usipunguze bei ya kitu kabla hujauliza ni kitu gani.

Basi mkutano. Mwalimu mkuu wetu alikuwa ametembelea shule moja kubwa huko Nairobi, akaona bwawa la kuogelea, akarudi mtu mwingine. Alitueleza jinsi maji yalivyokuwa ya buluu, jinsi watoto walivyoruka kama samaki, jinsi shule yenye bwawa inavyopata jina. Mzazi kila mmoja angetoa mchango. Nikaona wazazi wanaangaliana, nikaona soko limefunguka. Nikasimama.

Nilimuuliza maji yatatoka wapi, wakati tangi la shule linakauka kila kiangazi hadi wapishi wanaazima ndoo za jirani. Nikamuuliza ni nani atakayeyabadilisha, na kama vyura watalipa karo. Halafu nikamalizia hivi:

“Mwalimu, watoto wanakaa watatu kwenye dawati la wawili, nawe unataka kuwapa bahari. Tupunguzie. Anza na karai.”

Mwanangu, watu walicheka mpaka mzee mmoja akavua kofia na kujipangusa macho. Bwawa lilikufa pale pale. Mwalimu mkuu alikunja karatasi yake, nami nikatoka nje nikitembea kama mtu aliyeuza kuku mgonjwa kwa bei ya jogoo.

Kukhu Zubeda alikuwa ameketi nyuma. Hakuwa mzazi wa shule ile, lakini popote bei ilipotajwa hakukosa. Yeye hakucheka. Alinishika kiwiko akanivuta pembeni.

“Umepunguza bei vizuri,” aliniambia. “Sasa nieleze, kilichokuwa kinauzwa ni nini?”

Nikasema ni bwawa. Akasema bwawa tunalo tayari. Nikadhani uzee umeanza kumchezea. Akauliza tena, polepole, kama mtu anayemsemesha mgeni:

“Watoto wako wanaogeleanga wapi?”

Nikamjibu kwa heshima kwamba mimi nina mtoto mmoja, na ni wa kike, na sisi ni watu wa msikiti. Binti yangu haogelei. Kukhu alinitazama kama anavyomtazama mtu anayemwambia jogoo wake anataga. Akageuka akaanza kutembea kuelekea nyuma ya shule, kwenye miwa. Nikamfuata. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, na mimi nilikuwa nimeyatolea hotuba.

Hapa ngoja nikuambie jambo la kwetu ambalo labda hujalitia maanani kwa sababu umelizoea. Shule zetu hujengwa kwa udongo wake zenyewe. Wazazi wakitaka madarasa, wanachimba upande wa chini wa kiwanja, wanafinyanga matofali, wanayachoma kwenye tanuri, kuta zinapanda, mgeni wa heshima anakuja, tunapiga makofi. Shimo halipigiwi makofi. Linabaki hapo hapo. Mvua za masika zinakuja zinalijaza maji yenye rangi ya chai ya maziwa, ukitumbukiza kidole hukioni. Shule yetu ilikuwa imejengwa yote kwa matofali ya pale, kwa hivyo fikiria shimo lilikuwa la ukubwa gani. Na mimi mwenyewe nilishika jembe kulichimba. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Sisi tulichimba, tukawaachia watoto waingie.

Tulipopenya miwa niliona sare kwanza. Zilikuwa zimetundikwa kwenye miwa, safi, zimenyooshwa, kwa kuwa mama zetu wa kule wanakagua upindo wa gauni kabla hawajakagua daftari. Tope kwenye sare lilikuwa fimbo. Kwa hivyo watoto walijifunza kuzitundika. Wasichana walikuwa majini na shimizi zao, wanarushiana maji, hawakutuona. Nikaanza kuhesabu. Sikuwa na sababu, ni mazoea tu ya kazi. Vichwa vilikuwa vikizama na kuibuka, hiki hapa, kile pale. Nikapata vitano.

Kukhu akaniambia kwa sauti ya chini, “Hesabu na miguu.”

Nikageukia miwa. Sare zilikuwa sita. Nikarudia. Sita. Nikarudi majini. Vitano. Na ile sare ya mwisho, iliyokuwa karibu nami kabisa, ilikuwa na kola iliyoshonwa kwa uzi wa kijani, kwa sababu juma lile uzi wa buluu ulikuwa umeisha nyumbani kwangu. Mke wangu alikuwa ameomba radhi kwa mtoto alipokuwa akiishona. Ilikuwa sare ya Mariamu, binti yangu. Na katika vile vichwa vitano hakikuwemo chake.

Nilikimbia hadi ukingoni, na ukingoni miguu ikasimama yenyewe. Hapa ndipo penye habari, mwanangu, usipapite haraka. Sikujua kuogelea. Mimi niliyeliua bwawa asubuhi kwa mdomo, nilisimama na viatu vyangu kwenye mdomo wa shimo nililolichimba, na sikuwa na bei ya kutaja. Kukhu hakujua kuogelea. Baadaye nilizunguka nikawauliza wazazi wote waliocheka, mmoja mmoja, na mwalimu mkuu mwenyewe pia; hakuna aliyejua. Husemwa mfa maji haachi kutapatapa. Mimi nilitapatapa nikiwa nchi kavu.

Halafu kichwa cha sita kikaibuka upande wa mbali kabisa, kikifuatwa na mkono ulioshika donge la udongo. Ulikuwa mchezo wao: anayeleta udongo wa chini ndiye mshindi. Mariamu alitema maji, akacheka, akaniona, kicheko kikakatika.

Nilinyanyua mkono kutafuta muwa wa kumchapia. Hasira ni hasara, lakini wakati huo sikuwa nikihesabu. Kukhu aliushusha mkono wangu kama anavyoshusha mkono wa mnunuzi anayeminya kuku kupita kiasi. Akachuchumaa ukingoni, akamuuliza mtoto kwa udadisi wa kweli, kama mtu anayeulizia njia ya mji asiowahi kufika:

“Huko chini kukoje?”

“Ni giza, Kukhu,” Mariamu akamjibu. “Na kuna chuma, kama jembe limevunjika. Mimi najua mahali kiko. Hawa wengine nawaambianga wasiruke upande ule.”

Jembe lile, mwanangu, lilivunjika mikononi mwetu siku za kuchimba, na hakuna aliyeona sababu ya kuinama kuliokota.

Kukhu aliinuka, akajipangusa magoti, akaniambia maneno ambayo sijayapunguza bei hadi leo: “Umesikia? Shule yenu iko na bwawa, na iko na mwalimu wa kuogelea. Mwalimu ana miaka tisa.”

Mkutano uliofuata niliomba kusema tena. Mwalimu mkuu akainamisha kichwa, akidhani nimekuja kumzika mara ya pili. Niliwaeleza nilichokiona. Safari hii hakuna aliyecheka. Tuliamua kulifukia shimo, na tulilifukia kweli, kwa vifusi na matofali mabovu na udongo wa mikokoteni, na lile jembe tulilitoa kwanza. Nilirudi nyumbani nikiwa na fahari ya mtu aliyemaliza kazi. Mariamu alikuwa akila, akamega obusuma, ugali wetu, akachovya kwenye mchuzi, akasema bila kuniangalia:

“Baba, mmefukia maji. Hamu hamkufukia.”

Wiki haikuisha nikasikia watoto wameonekana Nzoia. Na ule mto hauna ukingo wa kumsubiri mtu.

Hapo ndipo nilipofanya biashara ambayo sijapata kufanya nzuri kuliko hiyo. Kulikuwa na nyumba ya wageni upande wa Mumias, ina bwawa lake, na mimi ndiye niliyekuwa nikipeleka kuku jikoni. Wageni walikuja mwisho wa juma. Siku nyingine zote walioogelea ni majani ya miti. Nikamwomba mwenyewe awaruhusu watoto alasiri. Akasema watachafua maji. Nikamwambia hata majani hayalipi. Tukavutana, nikateremsha bei ya kuku, akateremsha ugumu, tukapeana mikono. Mwalimu Nabwire, aliyezaliwa Budalang'i ambako mafuriko humfunza mtu kuogelea kabla hajajua kusoma, ndiye aliyekubali kufundisha. Kwa wale wazazi waliosema mabinti wa Kiislamu hawawezi kuogelea mbele za watu, nikiwemo mimi, tulitenga siku ya wasichana peke yao, leso zikafungwa kwenye ua pande zote, na Mwalimu Nabwire mwenyewe ni mwanamke. Shule mbili za jirani zikajiunga. Bwawa likawa moja, watoto wa shule tatu, na ile hoja yangu ya madawati bado ilikuwa ya kweli, maana madawati tuliyatengeneza pia, baadaye, kwa kusukumana.

Sasa unaniuliza kama shule iwe na bwawa lake yenyewe. Mimi bado nauliza pia. Siku hizi nikipita karibu na shule yenye bwawa, nasimama kwenye ua natazama. Nimeona bwawa ambalo kwenye bango ni la buluu na ndani ni la kijani, vyura wanahudhuria kuliko wanafunzi. Nimeona jingine limefungwa kwa kufuli, ufunguo uko na mkurugenzi, na mkurugenzi yuko safarini. Na nimeona moja dogo, maji hayafiki kifua cha mtu mzima, na mama mmoja mwenye filimbi haondoi macho majini. Nilisimama hapo mpaka askari wa lango akaja kuniuliza mimi ni nani. Nikamwomba anipeleke kwa yule mama, nikamuuliza kama anahesabu vichwa peke yake. Akanijibu, “Vichwa vinanidanganyanga, mzee. Nahesabu na taulo.” Nikaenda nyumbani nimeridhika kama niliyekula ingokho, kuku mzima.

Kwa hivyo ukiingia kwenye kamati yako, mwanangu, usianze na bei. Bei ni ya mwisho. Anza kwa kuwauliza watoto wenu wanaogelea wapi sasa hivi, na usikubali jibu kwamba hawaogelei. Hilo nililitoa mimi. Nendeni mkalitazame shimo lenu, maana shule yoyote iliyojengwa kwa matofali yake inalo. Kisha mwulizane ni nani atakayesimama kando ya maji, na kama anajua kuingia. Mkimpata huyo, bwawa la kuazima kwa jirani ni bwawa, na la kwenu wenyewe, hata liwe dogo, ni neema. Mkimkosa, hata mkipewa bure msilichukue, kwa kuwa mtakuwa mmenunua shimo lenye vigae. Na atakayesimama kuwachekesha wazazi, mwache awachekeshe, kisha mshike kiwiko.

Jambo la mwisho, usilitangaze. Nilijifunza kuelea nikiwa na mvi. Mariamu alinipeleka kwenye hoteli moja hapa mjini Kakamega, nikawaomba wanipunguzie kwa sababu nitatumia upande wa kina kifupi tu, wakakataa. Alinilaza chali, kiganja chake mgongoni mwangu, nikatazama mawingu yakielekea msitu. Wakati fulani alikiondoa kile kiganja. Hakuniambia, na mimi sikuzama.

Mwenyezi Mungu akujalie maji ambayo chini yake panaonekana, na kando yake mtu asiyechoka kuhesabu. Wanao waingie kwa furaha na watoke wote. Na hesabu zako, ya kwanza na ya pili, zipatane siku zote. Amina.